Kiu ya Saa Kumi na Chai ya Omong'ina Kerubo

Siku ile shambani kwetu Gesima tulikuwa watano. Nilikuwepo mimi, Kwamboka, kifungua mimba wa nyumba iliyobaki bila baba wala mama. Alikuwepo Ombati, ndugu yangu anayenifuata, ambaye alikuwa ametoka hospitalini mjini Kisii juma lililotangulia kwa sababu ya pombe. Alikuwepo Moraa, kitinda mimba wetu, wakati huo bado hajaolewa. Alikuwepo Mose, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa akinywa na Ombati tangu wote wawili wanaota ndevu. Na alikuwepo omong'ina Kerubo, mjane wa shamba linalopakana na letu, ambaye ndiye aliyenifundisha kuchuma chai. Omong'ina kwetu ni mama mzee wa kuheshimiwa, nami sijawahi kulitaja jina lake bila neno hilo mbele, hata sasa ambapo hayupo kunisikia.

Nawataja wote kwa sababu nyinyi vijana mnaniuliza swali moja kila mnapopita na mashine zenu za kuchumia. Kwa nini kile kipande kidogo cha omong'ina Kerubo, chini ya migomba, bado kinachumwa kwa mikono, wakati mashine ingekimaliza kabla uji wa asubuhi haujapoa? Wengine mnadhani ni ukaidi wa bibi mwenye magoti mabovu. Mmoja wenu, nimesikia, alisema nimezika kitu pale. Hajakosea sana. Kaeni niwaeleze.

Siku hiyo ilikuwa siku ya egesangio kwetu. Wengi wenu mnalisikia neno hilo kwenye mazishi tu, kwa hiyo nitalifafanua. Leo majirani wanakuja kuchuma kwangu, kesho mimi nakwenda kwao. Hakuna mshahara, kuna zamu. Ukila zamu ya mtu usirudishe, jina lako linaharibika mpaka kwa wajukuu. Zamani, watu wakimaliza kazi, mwenye shamba aliwatengea chungu cha pombe ya wimbi, wakakizunguka wakifyonza kwa mirija mirefu. Sisi tulioingia Sabato tuliondoa chungu, tukaweka uji. Wako walionung'unika, na Mose alikuwa wa kwanza.

"Egesangio ya Wasabato," alikuwa akisema, "mtu anaingia na njaa anatoka na maombi."

Na nilipogawa uji siku hiyo, akaunusa, akamkonyeza Ombati. "Afadhali huu wa dada yako. Huu walau unakumbuka ulikotoka."

Tulicheka. Ombati hakucheka. Nilimwona akipiga funda moja, akashikilia kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto, kisha akakiweka chini kati ya michai. Akavua ile nailoni tunayojifunga kiunoni kuzuia umande, akaitundika juu ya mchai, akashika njia inayoteremka kijitoni.

Kila mmoja alijua njia ile inafika wapi. Chini ya kijito kulikuwa na nyumba inayopika chang'aa. Na kila mmoja alijua daktari alichosema, kwa sababu alikisema mbele yangu na mimi nikakirudia nyumbani neno kwa neno: ini la huyu limechoka, akirudi kunywa msimlete tena kwangu, mtafuteni mchungaji. Alisema bila ukali, kama mtu anayekuambia daraja limevunjika.

Nilikimbia nikasimama mbele yake, mikono nimeitandaza kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Dada, nipishe," akasema. Hakuwa na hasira. Hicho ndicho kilichonitisha. Uso wake ulikuwa umekwenda mbele, mwili ndio uliokuwa unaufuata.

Nyuma yangu nikasikia omong'ina Kerubo. "Mpishe, Kwamboka."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mpishe. Ni mtu mzima." Kisha akamwambia yeye, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ombati, sikuzuii. Lakini mgongo wangu leo umekataa. Nibebee kikapu mpaka kituoni kwanza. Ukishanipimia majani, nenda unakokwenda."

Sasa nyinyi mnajua kwetu mambo haya yalivyo. Mtu anaweza kuiba kuku wa jirani na akasamehewa, lakini kumwacha mama mzee na mzigo njiani, hilo halina mahali pa kuombewa msamaha. Ombati alisimama. Akaangalia chini kijitoni, akaangalia kikapu.

"Kikapu kwanza basi," akasema.

"Amekamatwa kama kuku wa mgeni," Mose akasema.

Kituo cha kupimia majani kiko juu mlimani, mnakijua, upande usio wa kijito. Nilikwenda nao nikibeba changu. Njiani niliangalia kikapu cha omong'ina mgongoni kwa Ombati, na nikaona kitu kilichonishangaza: juu ya majani mazuri kulikuwa na mabua, majani magumu, vitu ambavyo mwanamke yule hakuwahi kuviingiza kikapuni maisha yake yote. Nikakumbuka kwamba muda mfupi kabla ya uji nilimwona akivunja matawi makavu makavu na kuyatupia kikapuni nyuma ya bega. Nikajiambia uzee umemfikia.

Karani alipomwaga majani yale mezani alimwangalia omong'ina kama aliyemwona akitukana kanisani. "Wewe pia, omong'ina? Haya siyapimi. Yachambueni."

"Macho yangu," omong'ina akasema kwa unyonge ambao haukuwa wake. "Ombati, nisaidie mwanangu."

Basi Ombati akakaa kwenye saruji, akaanza kuchambua. Bua moja, jani moja gumu, bua lingine. Mikono ikimtetemeka. Jasho likimtoka ingawa kibaridi cha mlimani kilikuwa kimeshuka. Omong'ina akafungua leso, akatoa ndizi mbivu, akampa, naye Ombati akala huku anachambua. Lori nalo halikuja. Lori la majani halijawahi kuja kwa wakati tangu nilipolifahamu, na tulikuwa tunalilaani kila siku. Siku hiyo nilikaa nikiomba lichelewe zaidi.

Majani yalipokwisha kupimwa, jua lilikuwa limeshika migomba. Ombati alijinyoosha mgongo, akaangalia mikono yake, akaigeuza.

"Imepita," akasema.

"Nini imepita?" nikauliza.

"Kile kitu. Kilikuwa hapa, sasa hakipo."

Omong'ina alikuwa anakung'uta kikapu chake. "Kitarudi kesho," akasema. "Na kesho nina kikapu."

Tuliporudi nyumbani hakwenda kwake. Aliingia jikoni kwangu, akafunua sufuria ya uji uliobaki, akainama akanusa. Nilidhani ana njaa, nikatafuta kikombe. Akarudisha kifuniko polepole.

"Kwamboka, umekuwa ukimpa huu kila siku?"

"Kila siku, saa kumi. Muuguzi alisema asikae na njaa. Na ninauacha uchachuke siku mbili, kama alivyoupenda utotoni."

"Umempikia ndugu yako pombe."

"Ni uji, omong'ina."

"Mimi nimepika pombe ya wimbi miaka mingi kuliko niliyokaa kanisani. Kabla sijabatizwa, chungu cha egesangio cha kijiji hiki kilitoka kwangu. Huu ni uji, ndiyo. Lakini pua ya mtu aliyeacha juzi haiulizi ni uji au si uji."

Nilikaa chini. Mjue uji ule ulikuwa nini kwetu. Wazazi wetu walipokufa, mama akimfuata baba kabla kaburi la baba halijaota majani, nilikuwa darasa la sita. Niliweka vitabu juu ya dari nikamwambia mwalimu nitarudi muhula ujao. Uji wa wimbi uliochachuka ndio uliotulea. Ulikuwa unashibisha haraka na haukuhitaji sukari. Ombati mdogo alikuwa akilamba kikombe mpaka ndani. Kwa hiyo alipotoka hospitali nilimpa kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, na kila saa kumi nikashangaa kwa nini anakunywa funda moja na kunyamaza, na kwa nini kila siku anatazama njia ya kijitoni muda ule ule. Nilidhani hana shukrani. Nilidhani nizidishe uchachu.

Toka siku hiyo saa kumi ilikuwa ya ndizi za kuchemsha, viazi vitamu, chai ya maziwa. Mose alilalamika kwamba egesangio sasa imekuwa hospitali. Lakini alikula.

Hilo ndilo la kwanza ninalotaka mlishike, nyinyi ambao mna ndugu au rafiki aliyeacha pombe juzi, au ambao mmeacha nyinyi wenyewe. Msitazame chupa tu. Tazameni kila kitu kilichokaa karibu na chupa: harufu, saa, njia, kiti, mtu, hata wimbo. Kiu haiji kutoka hewani. Ina mlango inaoingilia, na mara nyingine mlango huo mmeufungua nyinyi kwa upendo.

La pili ni hili, na ni zito. Msije mkamfungia mlevi wa miaka mingi ndani ya nyumba mkasema ataacha leo. Ombati alijaribu hivyo mara moja, kabla ya hospitali, na mwili ulimtikisa mpaka tukadhani ni degedege. Daktari alituambia mtu anaweza kufa kwa kuacha ghafla kama anavyoweza kufa kwa kunywa. Mpelekeni kwanza. Siku za mwanzo ni za daktari. Zinazofuata ndizo zenu.

Omong'ina Kerubo alinifundisha chai nikiwa msichana mwenye vidole visivyojua kitu. Alinifundisha kuweka ufito juu ya michai ili meza, yaani uso wake wa juu, iwe sawa, kuchukua majani mawili na kichipukizi, kutogusa jani linalosikika likivunjika kwa kelele. Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kushindilia. Nilitaka kikapu kimoja kibebe vya vikapu viwili, nikayakandamiza majani ndani kwa ngumi. Nilipomwaga kituoni yalikuwa ya moto kama mkate, mekundu, yameungua yenyewe bila kuona moto. Nililia. Omong'ina alinishika mkono akauingiza katikati ya rundo. "Umesikia? Jani linahitaji hewa. Ukilibana, linajipika."

Miaka mingi baadaye nilimwona Ombati akifanya vivyo hivyo na kiu yake. Alikuwa anaibana. Anakaza meno, hasemi, anasema yuko sawa, na mimi nikimwangalia naona majani yanakuwa mekundu. Kwa hiyo omong'ina alianzisha utaratibu. Mstari wa chai unachumwa vizuri na watu wawili, mmoja kila upande, uso kwa uso. Kila saa kumi aliacha shamba lake, akavuka mpaka, akasimama upande wa pili wa mstari wa Ombati. Hakumhubiria. Walichuma. Na mtu akisimama uso kwa uso na mwingine, mikono yote miwili ikiwa kazini, maneno hutoka yenyewe.

Nilikuwa mstari wa pili, kwa hiyo nilisikia.

"Leo ikoje?" angeuliza.

"Leo iko magotini tu."

"Haijapanda?"

"Inapanda."

"Basi iseme inavyopanda, tuione."

Naye angeisema. Siku moja alisema si koo linalokauka, kama watu wanavyodhani. Alisema ni kama mtu anakuita jina lako kutoka nyuma ya nyumba, kwa sauti ya mtu unayemjua. "Najua hakuna mtu, omong'ina. Lakini shingo inageuka yenyewe."

"Shingo na igeuke," omong'ina akasema. "Miguu ndiyo nataka ibaki hapa."

Nyinyi mnafahamu mvua ya mawe ya huku kwetu. Haiji asubuhi. Inakuja alasiri, ghafla, mbingu nyeupe. Mgeni ikimkuta shambani anakimbia, na ndiye anayeumia. Mchuma chai anachuchumaa kati ya mistari, anajifunika kikapu kichwani, anasubiri. Inapiga, unadhani haitaisha, kisha inakwisha, na unasikia maji tu yakiteleza kwenye majani. Mchana mmoja ilitukuta hivyo, na kutoka chini ya kikapu chake Ombati akapaza sauti, "Omong'ina, ndiyo hii! Iko hivi hivi!" Tukacheka sote chini ya vikapu vyetu kama kobe. Toka hapo, kiu ikimjia, hata akiwa ameketi mezani, alisema tu "mawe", nasi tukajua. Hatukumhoji. Mmoja wetu alisogea karibu, Moraa akaweka maji motoni, nikamtafutia kazi ya mikono. Ilipiga, ikapita. Haikukaa kamwe kama alivyoogopa ingekaa. Na siku zilivyokwenda, mawe yakawa madogo.

Siku ngumu ilikuwa Sabato. Hili hakuna mchungaji aliyeniambia. Asubuhi watu wako kanisani, sawa. Lakini baada ya chakula kilichopikwa Ijumaa, mchana unakuwa mrefu na mtupu. Hakuna kuchuma, hakuna kituo, hakuna kikapu cha kubeba kwanza. Mikono iko mapajani na kiu inaijua. Juma la kwanza niliona Ombati akizunguka uani kama jogoo aliyefungwa mguu. Omong'ina akaja akamwambia kuna mgonjwa kule juu hajatembelewa, na yeye hawezi kupanda peke yake. Sabato iliyofuata kulikuwa na mgonjwa mwingine. Nadhani hakuna mgonjwa wa tarafa ile aliyetembelewa sana kama wagonjwa wa mwaka ule. Mzee mmoja mwenye mafua alituuliza kwa wasiwasi kama daktari ametuambia jambo ambalo yeye hajaambiwa.

Msidhani ilikuwa njia nyoofu. Alianguka mara moja. Ilikuwa mazishi huko Magwagwa, mimi nilibaki na mtoto wa jirani aliyekuwa na homa, yeye akaenda peke yake. Tulikuwa tumekubaliana haendi peke yake mahali penye watu wa zamani, na siku hiyo tukajiambia haidhuru. Alirudi jioni, akasimama mlangoni asiingie.

"Dada, nimekunywa," akasema.

Nilichokumbuka ni maneno ya daktari. Moraa ndiye aliyemshika mkono akamwingiza ndani, na asubuhi tukamrudisha Kisii. Daktari yule yule alimpima, akatingisha kichwa, akasema ini limemsamehe mara hii, na kwamba kusema jioni ile ile ndiko kulikomsaidia, kwa sababu wengi husema baada ya mwezi.

Tuliporudi niliogopa kumwona omong'ina. Niliona kama tumemtapeli zamu zake zote. Saa kumi ilifika. Alivuka mpaka na kikapu chake, akasimama upande ule ule wa mstari ule ule, akaanza kuchuma. Ombati aliinamisha kichwa.

"Omong'ina, nimekuangusha."

"Mchai ukikatwa unafanya nini?" akauliza.

"Unachipua."

"Hauulizi ni mara ya ngapi unakatwa. Leo ikoje?"

Mose hakuwa na mtu upande wa pili wa mstari. Niliwahi kumwambia aje tusimame naye. Alicheka, akasema yeye hana kiu, ana mazoea tu. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mkono mwepesi kuliko wote shambani, na angekuwa anawachekesha nyinyi leo. Yuko chini ya migomba ya baba yake. Ombati ndiye aliyechimba kaburi, na alipomaliza alisema "mawe", nikasimama naye pale pale kwenye udongo mpya mpaka yakapita.

Sasa nifike kwenye zamu.

Egesangio ina hesabu, na mimi ni mtu wa kulipa. Mtoto wa kwanza aliyeachiwa wadogo hujifunza mapema kutobaki na cha mtu. Ombati aliposimama imara, nilimwendea omong'ina nikamwambia: umekuja kwetu alasiri zisizo na idadi, umeacha majani yako yakakomaa, nipangie siku nije kwako, mimi na Moraa na Ombati, tuzirudishe.

Akakataa. "Zamu yangu sijaiita," akasema.

Nilimwendea tena mwaka uliofuata, jibu likawa hilo hilo. Nikaenda kumchumia kwa siri asubuhi moja, akanifukuza na ufito. "Hii ni chai," akasema. "Nilichokupa si chai. Usinilipe ng'ombe kwa kuku."

Miaka ikapita. Moraa akaolewa. Ombati akaoa, akapata watoto ambao hawajawahi kumwona amelewa. Mikasi ikaja shambani, kisha mashine. Sizichukii mashine zenu. Zinaokoa migongo yenu, yetu haikuokolewa. Lakini zina kelele. Watu wawili wenye mashine hawasemezani, na mstari hauna tena upande wa pili. Magoti yangu yalipokataa mlima wa kituo, nilitundika kikapu nikasema basi, nimestaafu.

Ndipo omong'ina Kerubo akaniita. Alikuwa kitandani, mdogo kama mtoto. Aliniambia nikae karibu.

"Kwamboka, naita zamu yangu."

"Nije na kikapu?"

"Uje na Ombati."

Kisha akaniambia habari ya Nyaboke. Nyaboke ni bintiye wa pekee, mnamjua, mwenye duka la vitambaa Nyakoe, mwanamke wa heshima, mweka hazina wa kwaya. Nilimjua tangu anatambaa na sikuwa nimejua chochote. Omong'ina alikuwa amejua kwa pua. Mwanamke haendi kijitoni na wanaume. Anakaa nyuma ya kaunta yake, ana chupa ya soda, na ndani si soda. Wateja wanamsifu kwamba ni mpole.

"Nilikaa na mtoto wako," omong'ina akasema, na hakukosea kumwita Ombati mtoto wangu. "Wangu sikuweza. Mama mtu akisimama upande wa pili wa mstari, mtoto anaona mama, haoni mtu wa kumwambia. Nilijaribu. Nenda wewe."

Nilimwambia nitakwenda. Aliniuliza, "Unaahidi au unanituliza?" Nikasema naahidi. Alifumba macho. Hatukumwambia Nyaboke chochote mpaka baada ya mazishi, na hata pale hatukuanza na habari zake. Ombati alikwenda dukani Nyakoe, akasimama mbele ya kaunta, akasema, "Dada yangu, mimi ni Ombati aliyekuwa mlevi. Mama yako alinibebesha kikapu." Nyaboke alimtazama, kisha akatazama ile chupa ya soda, kisha akafunga mlango wa duka na kulia.

Alianzia hospitali, kama nilivyowaambia. Sasa amerudi kwenye nyumba ya mama yake hapa Gesima, na duka analitunza mwenzake kwa muda. Mnamwona. Mnadhani amekuja kushughulikia urithi.

Kila saa kumi Ombati, ambaye nywele zake zimekuwa nyeupe, anavuka mpaka na kikapu. Nyaboke anasimama upande mmoja wa mstari, yeye upande wa pili. Nyaboke hajui kuchuma vizuri, anashindilia, tunamkemea. Mimi nakaa kwenye kigoda mwisho wa mstari nikiwa na ndizi za kuchemsha na birika, kwa sababu magoti hayaniruhusu zaidi ya hapo. Jana nilimsikia Ombati akimuuliza leo ikoje. Nyaboke alishindilia majani kikapuni. Kisha akasema, "Mawe, kaka. Makubwa." Wakaendelea kuchuma, nami nikasimama na fimbo yangu, nikasogea mpaka nikawa karibu naye.

Yalipita. Leo yatarudi.

Kwa hiyo mashine zenu ziacheni juu, kwenye mashamba makubwa. Kipande kile ni kidogo makusudi, na tunakichuma polepole makusudi, na ndani ya vikapu vyetu mkiona mabua msituambie tumezeeka. Mkipita saa kumi mkatuona tumesimama uso kwa uso, salimieni mpite. Omong'ina Kerubo alitupa alasiri za mwaka mzima na zaidi. Sisi tumerudisha chache tu, na mimi sina magoti, na mistari ni mingi.